Zaburi ya Askari: Wimbo wa Tumaini au Hirizi?

Miongoni mwa nyimbo 150 za kitabu cha Zaburi, ule wa 91 ndio uliopata makao ya kudumu katika mifuko ya askari Wakristo wa mataifa mengi. Sababu yake haifichiki. Wimbo huo unataja mishale ya mchana na maradhi ya usiku, simba na nyoka njiani, na maelfu ya watu wanaoanguka huku mmoja akibaki wima. Mtu alalaye handakini au ashikaye doria usiku hahitaji kuelezwa habari za hatari hizo. Na mkewe aliyebaki nyumbani na watoto, akisikiliza kila hatua ya mguu ipitayo mlangoni, naye hahitaji kuelezwa.

Kuupenda wimbo ni jambo moja, na kuuelewa ni jambo jingine. Wako wanaousoma kama hati ya mkataba: mwenye imani hatapigwa risasi, hataugua, wala nyoka hatamuuma. Wako pia wanaousoma kama wimbo wa tumaini, ambao kweli yake haipimwi kwa kuhesabu risasi zilizokosa shabaha. Mabishano ya namna hii, kama Maandiko yachukuliwe neno kwa neno au yafumbuliwe kama mifano, huonekana kuwa kazi ya wanachuo na mapadri. Kwa jamaa ya askari si hivyo. Kwao ni jambo la uhai wakati askari angali kazini, na ni jambo la heshima yake iwapo hatarudi.

MUNGU HANA MANYOYA

Mtu anayedai kwamba hulichukua kila neno la zaburi hiyo kama lilivyoandikwa hukutana na taabu mapema. Katika mstari wa nne Mungu anasemwa kuwa na manyoya na mbawa za kuwafunika wanaomkimbilia. Hakuna Mkristo aaminiye kwamba Mungu ni ndege. Hata mtoto wa darasa la pili, aliyepata kumwona kuku akiwakusanya vifaranga wakati kipanga anapozunguka angani, huielewa picha hiyo bila kufundishwa. Mstari huo huo unaufanya uaminifu wa Mungu kuwa ngao, na ngao hiyo haigawiwi na mkuu wa bohari yoyote. Basi msomaji wa neno kwa neno amekwisha kuzikubali istiari mbili kabla hajaufikia mshale. Hapana ubishi kwamba tamathali zimo katika Maandiko. Kazi ni kuzitambua mahali zilipo.

Mtu aliyelelewa katika Kiswahili hana sababu ya kushangazwa na jambo hili. Husemwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wala hakuna aliyewahi kwenda hospitali kuhesabu miguu iliyovunjika ili aithibitishe methali hiyo. Husemwa pia kwamba Mungu hamtupi mja wake, na asemaye hivyo hufunga mlango wake kwa komeo kila usiku. Methali hizo si uongo. Zasema kweli kwa njia yake, na mwenye kuzidai zitimie kama ratiba ya gari moshi ndiye aliyezikosea.

Thomas Aquinas, mwanachuoni mkuu wa Kanisa aliyeandika katika karne ya 13, aliliweka jambo hili wazi. Maandiko yatajapo mkono wa Mungu, alieleza, maana halisi si kwamba Mungu ana kiungo cha mwili. Maana halisi ni uwezo wake wa kutenda. Kwa hiyo maana halisi ya andiko ni ile iliyokusudiwa na maneno yake, na iwapo maneno yalikusudiwa kuwa mfano, mfano huo ndio maana halisi. Anayeugeuza mfano kuwa mkataba hajalishika neno kwa nguvu zaidi kuliko wenzake. Ameliacha.

MFALME ALIYEUHESABU WIMBO

Mwaka 1753 Mwingereza Robert Lowth alichapisha mihadhara aliyoitoa katika Chuo Kikuu cha Oxford juu ya ushairi wa Kiebrania. Alionyesha kwamba mashairi hayo aghalabu hujengwa kwa vipande viwili vinavyojibizana: cha pili hukirudia cha kwanza kwa maneno mengine, hukiongeza, au hukikabili. Kwa hiyo mshairi akitaja elfu katika kipande cha kwanza na elfu kumi katika cha pili, hatoi hesabu kama ofisa anayeandika taarifa ya mapambano. Anapandisha sauti.

Biblia yenyewe inatoa kisa cha mtu aliyeushindwa ushairi huo. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 18, wanawake walitoka kuwalaki wanajeshi kwa ngoma na nyimbo, wakamtaja mfalme Sauli kwa maelfu na kijana Daudi kwa makumi elfu. Ulikuwa wimbo wa furaha. Lakini Sauli alizishika tarakimu. Alilalamika kwamba Daudi amepewa makumi elfu naye akapewa maelfu tu, na tangu siku hiyo akamwangalia kijana huyo kwa jicho la husuda. Baadaye alimrushia mkuki ndani ya nyumba. Mfalme huyo hakukosa akili wala ujuzi wa lugha yake. Alikosa utulivu wa kuuacha wimbo uwe wimbo, na kosa hilo likaingiza damu katika nyumba yake mwenyewe.

JIBU LILILOTOLEWA HEKALUNI

Kwa Mkristo, hoja nzito kuliko zote imo katika Injili. Mathayo na Luka wanasimulia kwamba Yesu alipojaribiwa jangwani, Shetani alimpeleka juu ya kilele cha hekalu la Yerusalemu na kumtaka ajitupe chini. Ili kumshawishi alimkumbusha andiko. Andiko hilo lilikuwa Zaburi ya 91, mahali ambapo malaika wanaagizwa kumchukua mwenye kumtumaini Mungu ili asijikwae mguu.

Hapo jambo hilo liko peupe. Anayeitaka zaburi itimie neno kwa neno, papo hapo, mbele ya macho ya watu, ni mjaribu. Anayekataa ni Yesu. Hakusema kwamba zaburi ni uongo. Alijibu kwa neno kutoka Kumbukumbu la Torati linalokataza kumjaribu Mungu. Kwa maneno mengine, ahadi ya kulindwa haikutolewa ili mtu aifanyie majaribio. Na yule aliyekataa kuruka kutoka hekaluni alikuja kufa msalabani, wala Mkristo hasemi kwamba alikufa kwa upungufu wa imani.

Mtume Paulo naye aliumwa na nyoka katika kisiwa cha Malta, alipokuwa akiokota kuni, na hakudhurika. Lakini Paulo hakumtafuta nyoka huyo. Tofauti hiyo ni kubwa. Mapema katika karne ya 20, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, mhubiri George Went Hensley alianza kuwashika nyoka wenye sumu katika ibada, akitegemea maneno yaliyo mwishoni mwa Injili ya Marko yanayotaja kushika nyoka kama ishara ya waaminio. Wengi walimfuata. Baada ya vifo kutokea, jimbo hilo lilipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1947. Hensley mwenyewe aliumwa na nyoka akiwa katika ibada huko Florida mwaka 1955, akafa. Yafaa kukumbuka kwamba mistari hiyo ya mwisho ya Marko haimo katika nakala mbili za kale zenye kuheshimiwa sana, ziitwazo Sinaiticus na Vaticanus, ambazo zote ni za karne ya 4. Mtu aliyeyaweka maisha yake juu ya mistari hiyo aliyaweka juu ya mahali ambapo wanachuo wengi wa Biblia hukanyaga kwa uangalifu.

KUTOKA SALA HADI HIRIZI

Tamaa ya kuifanya Zaburi ya 91 kuwa kinga ya mwili si ya jana. Katika magombo ya kale yaliyopatikana karibu na Bahari ya Chumvi, katika pango lililogunduliwa mwaka 1956, zaburi hii imekutwa pamoja na nyimbo za kufukuza mapepo. Huko Misri wachimbuaji wamepata vipande vya mafunjo vilivyoandikwa mistari yake kwa Kigiriki, ambavyo Wakristo wa kale walivikunja na kuvivaa. Viongozi wa Kanisa waliona hatari hiyo mapema. Mtaguso wa Laodikia, uliofanyika katika karne ya 4, uliwakataza makasisi kutengeneza hirizi.

Wakati huo huo kulikuwako njia nyingine. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliwafundisha waumini wake kwamba simba wa zaburi hiyo ni adui ashambuliaye wazi, na nyoka ni adui anyemeleaye kwa hila. Benedikto, aliyewaandikia watawa kanuni katika karne ya 6, aliiweka zaburi hiyo katika sala ya mwisho ya siku, kabla ya kulala. Watawa hao waliiimba kila usiku, mwaka baada ya mwaka, nao waliugua na kufa kama watu wengine. Hakuna aliyeiacha kwa sababu mwenzake alifariki. Waliitumia kuukabidhi usiku kwa Mungu, wala hawakuitumia kumdai.

MAFUTA, MAWE NA RISASI

Katika Afrika ya Mashariki somo hili limelipiwa kwa damu. Mwishoni mwa mwaka 1986, huko Uganda ya Kaskazini, mwanamke aitwaye Alice Auma, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lakwena, maana yake mjumbe katika Kiacholi, aliongoza jeshi alilosema limetumwa na Roho Mtakatifu. Mafundisho yake yaliichanganya Biblia na imani za pepo. Wapiganaji walipakwa mafuta ya shea, yale ambayo Waacholi huyaita moo yaa, wakaambiwa kwamba aliye safi hatadhuriwa na risasi. Waliambiwa pia kwamba mawe yaliyoombewa yangelipuka kama makombora ya mkono. Walikatazwa kujificha nyuma ya miti au vichuguu wakati wa mapigano, nao waliisogelea bunduki wakiimba nyimbo za dini.

Jeshi hilo lilitembea kutoka kaskazini hadi karibu na mji wa Jinja, ambako lilivunjwa mwaka 1987. Lakwena alikimbilia Kenya na kufa huko katika kambi ya wakimbizi mwaka 2007. Vijana wengi waliomfuata hawakupata hata kaburi linalojulikana. Tanzania ilikuwa imepata msiba unaofanana na huo katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ingawa maji ya Kinjikitile hayakutoka katika Biblia. Ujasiri wa watu hao wa zama mbili haukanushiki. Lakini mwili uliopakwa maji au mafuta ni mwili vilevile, na risasi haiulizi kilichopakwa juu yake.

Askari yeyote aliyepata mafunzo anajua kwamba jambo la kwanza chini ya risasi ni kujikinga. Fundisho linalomkataza kujikinga, hata likipambwa kwa jina takatifu namna gani, linamwondolea kile ambacho mkufunzi wake alikesha kumtia.

LAWAMA JUU YA MAREHEMU

Pamoja na vifo vyenyewe, usomaji wa aina hii huleta dhara jingine lisilosemwa sana. Mtu akisha kuambiwa kwamba mwenye imani hapigwi, nini kitasemwa juu ya aliyepigwa? Katika jeshi la Lakwena jibu lilikuwa tayari: aliyeanguka alikuwa amevunja sharti. Fundisho halikukosea kamwe. Marehemu ndiye aliyekosea daima. Mkataba wa namna hiyo hauwezi kushindwa mahakamani, kwa kuwa shahidi wa pekee amekwisha kuzikwa.

Maneno ya aina hiyo husikika hata katika matanga ya watu wapole. Mjane anaambiwa kwa kunong'ona kwamba labda marehemu alilegea katika sala. Mama anaulizwa kama kijana wake alikuwa na siri. Wasemao hivyo hudhani wanaitetea heshima ya Mungu, kumbe wanamwongezea mfiwa msiba wa pili juu ya ule wa kwanza.

Maandiko hayawaungi mkono. Yosia, ambaye Biblia inamhesabu miongoni mwa wafalme wema kabisa wa Yuda, alipigwa mishale na wapiga upinde huko Megido, akafa. Yakobo, mmoja wa mitume kumi na wawili, aliuawa kwa upanga na mfalme Herode katika sura ile ile ya Matendo inayosimulia jinsi Petro alivyotolewa gerezani na malaika. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unawaorodhesha watu wa imani waliookoka makali ya upanga, na mistari michache baadaye unawataja wengine waliouawa kwa upanga. Wote wamo katika orodha moja, wote wanasifiwa kwa imani ile ile. Na Yesu alipotaja mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane, alikataa waziwazi kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wengine.

Zaburi ya 91 nayo, ikisomwa hadi mwisho, haisemi kwamba taabu haitakuja. Katika mstari wa 15 Mungu anaahidi kuwa pamoja na mtu wake taabuni. Ahadi hiyo isingekuwa na maana kama taabu yenyewe isingekuwako.

LISILO NA FUMBO

Msomaji asije akadhani kwamba sasa kila neno la Biblia ni fumbo, na kila amri inaweza kulainishwa. Liko kosa la upande wa pili, nalo lina wafuasi wengi. Mtu huishika zaburi ya kinga kama amri ya serikali, kisha akiletewa amri yenyewe huiita mfano.

Askari na polisi wanalo andiko lao ambalo halina fumbo hata kidogo. Luka, sura ya 3, anasimulia kwamba askari walimwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini. Yohana hakuwaambia watupe silaha, wala hakuwaimbia wimbo. Aliwapa mambo matatu: wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu uongo, na waridhike na mshahara wao. Hapo hapana manyoya wala mbawa. Mwananchi aliyesimamishwa kizuizini barabarani analielewa neno hilo kama askari anavyolielewa. Mwenye kuiweka Zaburi ya 91 katika mfuko wa kushoto na hongo katika mfuko wa kulia ameyasoma Maandiko kinyumenyume: wimbo ameufanya sheria, na sheria ameifanya wimbo.

Hata Paulo, alipotaka kuwafundisha Waefeso, aliazima vifaa vya askari: mkanda, dirii, viatu, ngao, kofia na upanga. Kila kimoja alikipa maana yake, kweli, haki, imani na mengineyo, ili pasiwe na mtu wa kudhani kwamba anazungumzia chuma. Aliandika hayo akiwa kifungoni, naye alijua vizuri chuma ni kitu gani.

NYUMBANI

Wazazi wanaoisoma zaburi hii pamoja na watoto jioni wanafanya jambo jema, na ni vema waendelee. Linalofaa kuongezwa ni maswali machache mepesi: Nani anasema? Anamwambia nani? Je, huu ni wimbo, ni sheria, ni mfano au ni habari ya mambo yaliyotukia? Na je, sehemu nyingine za Biblia zinakubaliana na jinsi tunavyouelewa? Mtoto aliyezoea maswali hayo hatapelekwa mbali na mhubiri mwenye mafuta ya kuzuia risasi atakapokuwa mtu mzima.

Mama anayemwombea mwana mwenye homa kwa maneno ya zaburi hiyo na ampeleke zahanati usiku ule ule, wala chandarua kisiondolewe kitandani kwa jina la imani. Askari aliyerudi salama na amshukuru Mungu kwa sauti kubwa kama apendavyo. Shukrani yake ni haki yake, ila asiigeuze kuwa kipimo cha kuwahukumu ambao hawakurudi. Anayekwenda matangani na akae na wafiwa, awatekee maji, awasaidie watoto, na kama hana neno la kusema anyamaze.

Naye anayetoka leo kwenda lindo na aisome zaburi yake kwa utulivu, yote kumi na sita ya mistari yake. Kisha aikague silaha yake, aifunge kofia yake ya chuma, na amri ya kulala chini ikitolewa, alale.